Mzee Punguzo na Sehemu ya Sita

Mtaa mzima ulimwita Mzee Punguzo, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Duka lake la vioo lilikuwa katikati ya saluni na duka la dawa, na mteja aliyeingia humo kuulizia kioo cha kujitazamia hakuwahi kupata nafasi ya kulalamikia bei, kwa sababu kabla hajafungua kinywa bei ilikuwa imeshashuka. "Unahamia nyumba mpya? Hongera sana! Toa elfu tano hapo." Mwingine akisema anauguza, elfu nyingine inaondoka. Na aliyenyamaza tu, akikitazama kioo bila kusema neno, huyo Mzee Punguzo alimwona ana jambo zito moyoni, akampunguzia pia.

Nyuma ya duka, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, mkewe ndiye aliyekata vioo. Watu walimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mapacha wao wawili ambao sasa walikuwa watu wazima na kazi zao katika miji ya mbali. Zamani kukata ilikuwa kazi ya mume. Lakini kioo hakitaki maneno, na Mzee Punguzo alikuwa na maneno ya kugawa. Aliweza kuanza mstari vizuri na kisu chake cha ncha ya almasi, akapita mtu barabarani, naye akainua kichwa: "Ee bwana, habari za siku nyingi!" Kisu hapo kilishakwenda kinakojua chenyewe. Mama Pacha alivumilia hasara hiyo mpaka siku moja akamnyang'anya kisu mkononi.

"Baba Pacha," alimwambia, "wewe nenda mbele ukaongee. Mimi nitakata."

Tangu siku hiyo vioo vikaacha kuvunjika, na wateja wakaongezeka. Kila mmoja wao alikuwa amepata kazi aliyoumbiwa.

Wakaishi hivyo miaka mingi, hawakutajirika wala hawakulala njaa, mpaka ikaja tenda ya madirisha ya shule. Ilikuwa shule kubwa, ya ghorofa, na upepo mkali ulikuwa umeipasua vioo upande mmoja wote. Mzee Punguzo na mkewe walifanya kazi ile mpaka vidole vikawa na chale. Walipomaliza, mauzo yao ya mwaka yalikuwa yamevuka kile kiwango ambacho serikali imekiweka: ukikivuka, duka lako linasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Wakapewa namba, wakapewa na cheti chenye muhuri, wakaambiwa wakitundike mahali kila mteja atakapokiona.

Mzee Punguzo alikifurahia cheti kile kama cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Alikitengenezea fremu ya dhahabu, ile waliyokuwa wakiwekea picha za maharusi, akakitia kioo kisichometameta, akakitundika juu ya kaunta.

"Sasa sisi ni wakubwa," alimwambia mwenye saluni.

"Wakubwa wanatoza kodi," mwenye saluni akamjibu. "Utatuongezea bei?"

Swali hilo lilimchoma. Kweli, kwenye semina waliyohudhuria walielezwa kwamba kodi ni ishirini kwa mia, inaongezwa juu ya bei, inalipwa na mnunuzi, na mwenye duka anaipeleka serikalini. Kioo cha ukutani alikuwa akikiuza elfu sitini. Kodi yake ilikuwa elfu kumi na mbili, jumla sabini na mbili. Lakini kumtazama usoni mtu aliyekwishamzoea na kumtajia sabini na mbili, ulimi wake ulikataa. Basi akapata dawa, na aliiona dawa nzuri kweli.

"Bei ni sabini na mbili pamoja na kodi," alikuwa akimwambia kila mteja, halafu anainama kidogo, anashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya nyumbani. "Lakini wewe ni mtu wangu. Kodi nimekusamehe. Lete sitini yako."

Wateja waliondoka wakimwombea heri. Kila mwezi ulipofika mwisho, Mzee Punguzo alijaza ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwezi, kwa uaminifu wote: mauzo aliyaandika mpaka senti ya mwisho, na kwenye nafasi ya kodi aliyotoza aliandika sifuri, maana hakuitoza. Mama Pacha aliuliza mara moja kama mambo ya kodi yanakwenda sawa. Mume akamjibu yanakwenda kama maji mtoni. Mama Pacha akarudi kwenye kukata.

Simu kutoka ofisi ya kodi ilipigwa asubuhi moja, na aliyeipiga alikuwa na sauti ya kike, ya adabu. Mzee Punguzo akavaa shati lake jeupe, akachana nywele mbele ya vioo ishirini kwa wakati mmoja, akaenda.

Aliyempokea dirishani alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa, umri kama wa mapacha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Kazi zinakwenda?"

"Zinakwenda, baba. Nimekuita kwa jambo dogo. Naona kwenye mauzo umeandika fedha nyingi, hongera. Lakini kwenye kodi, miezi yote, umeandika sifuri."

"Ndiyo. Sikuitoza."

"Hukuitoza?"

"Niliwasamehe."

Yule msichana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Uliwasamehe kina nani, baba?"

"Wote," akasema Mzee Punguzo, na hata hapo alikuwa bado na fahari kidogo.

Msichana hakucheka, na kwa hilo Mzee Punguzo alimpenda baadaye. Alivuta kiti karibu na dirisha, akaongea taratibu. "Baba, ile kodi haikuwa yako. Wewe ni kama mtu aliyepewa mzigo na jirani ampelekee ndugu yake. Huwezi kufika ukasema mzigo nimeugawa njiani."

"Lakini mzigo wenyewe sikuupokea! Walinipa sitini tu."

"Ndani ya hiyo sitini, kodi imo. Duka likishasajiliwa, fedha yoyote ya mauzo inayoingia, sheria inahesabu kwamba kodi imeshaingia nayo. Ukipunguza, umepunguza cha kwako. Cha serikali kinabaki palepale." Akafungua ukurasa mwingine. "Na kwenye manunuzi umeacha wazi. Vioo unavinunua wapi?"

"Kwa rafiki yangu mwenye ghala."

"Ankara zake za kodi ziko wapi?"

Mzee Punguzo alimtazama kana kwamba ameulizwa cheti cha ndoa. "Mwanangu, mimi na yule bwana tumetoka mbali. Tulilala chumba kimoja tukiwa hatuna hata godoro. Leo nimdai karatasi, kwamba simwamini?"

"Ankara si ya kumwamini yeye, baba. Ni ya kukurudishia wewe. Kodi unayolipa ukinunua vioo, unaitoa kwenye ile unayodaiwa ukiviuza. Bila ankara yenye namba yako, haitoki."

Maneno hayo ya mwisho yalipita juu ya kichwa chake. Alikuwa amekwama kwenye sitini. Alirudi kwa miguu, ingawa jua lilikuwa kali, akipiga hesabu njia nzima: ishirini kwa mia ya sitini ni kumi na mbili, mara vioo vyote vile, mara miezi yote ile. Kila alipofika mwisho wa hesabu alianza upya.

Mama Pacha alimjua mumewe kama anavyojua meza yake. Alimwona anaingia dukani bila kumsalimu mwenye saluni, akaweka kisu chini.

"Kuna nini?"

"Mke wangu, nimetufilisi." Akamweleza yote, la kusamehe, la sifuri, la mzigo. Hakuficha hata lile la kujibu "wote" kwa fahari. "Kila kioo cha sitini wanataka kumi na mbili. Fadhila za punda ni mateke, waliosema hawakukosea."

Mama Pacha angeweza kugomba, na sababu alikuwa nayo. Lakini alimwona jinsi shati jeupe lilivyomlowa mgongoni, na hasira ikamtoka kabla haijafika mdomoni.

"Amesema kumi na mbili?" akauliza.

"Amesema ishirini kwa mia. Ishirini kwa mia ya sitini hata mapacha waliijua wakiwa shule ya msingi."

"Ngoja." Akainama chini ya meza, kwenye sanduku la mabaki, akachomoa vipande vyembamba vya kioo vya upana mmoja. Akapanga vitano juu ya blanketi, vimegusana. "Hivi vitano ni bei yako. Ya kwako wewe, bila kodi. Ishirini kwa mia ya vitano ni vingapi?"

"Kimoja."

Akaweka cha sita. "Mteja anatoa vingapi?"

"Sita."

"Wewe mteja alikupa sitini. Hiyo sitini ndiyo hivi vyote, sita. Kila kipande ni ngapi?"

Mzee Punguzo alivihesabu kwa kidole, kimoja kimoja. "Elfu kumi."

"Basi cha serikali ni hiki kimoja. Kumi, si kumi na mbili. Sehemu ya sita, si ya tano. Wewe umepima kioo pamoja na fremu yake, halafu unashangaa kimekuwa kikubwa."

Mzee Punguzo alivitazama vile vipande. Deni lilikuwa bado deni, lakini lilikuwa limepungua, na zaidi ya hapo lilikuwa sasa na umbo. Alikuwa anaweza kuliona pale mezani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa akagundua mfupa haujavunjika.

"Yaani nilikuwa naikokotolea kodi kodi yenyewe."

"Ndivyo. Sasa niambie, huyo msichana alisema nini kingine? Kuhusu kurudishiwa?"

Hapo Mzee Punguzo akaanza kuangalia pembeni. Alieleza la ankara kwa mkato, na alipomaliza akasema la kwenda kumdai rafiki yake karatasi yeye haliwezi, afadhali alipe deni lote.

Ilimchukua Mama Pacha siku kadhaa kumlainisha. Alitumia upole, akatumia methali, na mwisho akatumia silaha ya kweli. "Basi nitakwenda mwenyewe. Nitamwambia kwamba mume wangu anamwogopa."

Wakaenda wote wawili.

Mwenye ghala alikuwa mtu mnene, mwenye moyo mkubwa na magoti mabovu, aliyeendesha biashara yake akiwa amekaa kwenye kiti kimoja mlangoni, mabamba ya vioo yamepangwa nyuma yake kama vitabu. Alipowaona alipaza sauti: "Shemeji! Umemleta mgonjwa wetu?" Viti vikaletwa, chai ikaletwa. Mzee Punguzo akaongea kuhusu mvua. Akaongea kuhusu magoti ya mwenzake. Akaongea kuhusu mpira, ambao hakuwa akiufuatilia. Mama Pacha alimkanyaga mguu chini ya meza, na ndipo likatoka, ghafla, kwa sauti ya juu mno.

"Naomba ankara!"

Kikombe cha mwenye ghala kilisimama hewani.

"Ankara," akasema polepole. "Ya nini? Nimekudhulumu lini?"

"Hujanidhulumu."

"Nakupa bamba kwa elfu thelathini na tatu. Watu wote wananunua thelathini na sita. Nani mwingine anakupa bei hiyo mjini hapa?"

"Hakuna."

"Basi ankara ya nini?" Macho yake yalikuwa yameumia kweli, na Mzee Punguzo alikuwa tayari kuinuka, kuomba radhi na kwenda zake. Lakini Mama Pacha alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Shemeji, hakuna anayekushuku. Nisikilize kidogo. Sisi sasa tumesajiliwa. Tukinunua kwako kwa thelathini na sita, pamoja na ankara, humo ndani sita ni kodi, sivyo? Ile sita tunaitoa kwenye kodi tunayodaiwa. Kioo kinakuwa kimetugharimu thelathini. Tukinunua kwa thelathini na tatu bila ankara, hairudi hata senti. Kimetugharimu thelathini na tatu."

Mwenye ghala alivuta kikokotoo chake, kile cha tarakimu kubwa. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Uso wake ukaanza kubadilika, lakini si kwa hasira.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mimi mauzo yangu yote nayaandika, hata ya ndugu. Wewe ukinipa thelathini na tatu, mimi serikalini napeleka sehemu yake ya sita, elfu tano na nusu. Nabaki na ishirini na saba na nusu. Na bei yangu mimi ni thelathini."

"Kwa hiyo," akasema Mzee Punguzo, akijaribu kuyapanga, "kila bamba, wewe unapoteza mbili na nusu..."

"...ili wewe upoteze tatu," akamalizia mwenye ghala.

Walitazamana. Kicheko kilianzia tumboni mwa mwenye ghala, kikapanda, kikamtikisa na kiti chake, mpaka wapakiaji waliokuwa nje wakachungulia kuona bosi amepatwa na nini. Mzee Punguzo naye alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

"Mbona hukuniambia kwamba unajikata mwenyewe?" aliuliza alipopata pumzi.

"Ningekuambiaje? Ungejiona unasaidiwa. Na wewe, mbona muda wote huo tangu upate namba hukuomba ankara?"

"Ungejiona huaminiwi."

Mama Pacha aliwatazama hao wazee wawili, vichwa vyote vyeupe, akatikisa cha kwake. "Undugu ni kufaana," alisema, "lakini nyinyi mmezidi. Zamani, kabla hatujasajiliwa, bei yako ilikuwa fadhila kweli, shemeji, na Mungu akulipe. Sasa tuandikie ankara, utufae zaidi."

Mwenye ghala akamwita karani wake, akamtajia namba ya duka la Mzee Punguzo, tarakimu moja moja, kama anayesoma shairi. Ankara ya kwanza ilipotoka, Mzee Punguzo aliipokea kwa mikono miwili.

Ya nyuma yalikuwa yamepita, na maji yakimwagika hayazoleki. Msichana wa dirishani aliwasaidia kuomba kulipa kwa awamu, na faini ikawa ndogo kuliko walivyohofia, kwa kuwa mauzo hayakufichwa. Hata hivyo haikuwa rahisi. Safari ya kwenda kuwaona mapacha waliiahirisha, na Mama Pacha akaendelea na viatu vyake vilivyoshonwa mara mbili. Hakumsimanga mumewe. Mara mojamoja tu, akipita karibu naye na bamba mikononi, alisema, "Umemsamehe nani leo, bwana msamehevu?" na mzee alijibu kwa kuinamisha kichwa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya kutaja bei. Alijifunza kutaja sabini na mbili, bei moja, kodi ikiwa ndani, bila kuinama na bila kunong'ona. Mara ya kwanza sauti ilimkwama kama mwimbaji aliyeanza juu mno. Mteja alikuwa muuguzi, mtu wa mtaani, aliyekuwa amezoea.

"Kodi hunisamehi leo, mzee wangu?"

"Mwanangu, ya serikali si yangu, siwezi kuigusa." Akaona uso wa muuguzi unaanguka, na moyo wake nao ukaanguka pamoja nao. Akageuka nyuma. "Mama Pacha, ile tatu ya bamba si imerudi kwetu?"

"Imerudi," sauti ikajibu kutoka mezani. Hilo walikuwa wamekubaliana usiku uliopita: elfu tatu waliyoiokoa kwenye ununuzi ndiyo ya kuchezea, na mzee hapati zaidi ya hapo.

"Basi natoa tatu kutoka kwenye yangu," akamwambia muuguzi, akang'aa. "Sitini inakuwa hamsini na saba, tunaiongezea kodi yake, elfu kumi na moja na mia nne. Jumla sitini na nane na mia nne. Na ankara nakuandikia."

Muuguzi alisema ni hesabu ndefu kwa punguzo fupi, lakini alikuwa akitabasamu, na alilipa.

Msimu wa mvua ulipokaribia, walijaza duka. Walinunua mabamba mengi kwa mwenye ghala, mengi kuliko waliyouza, na mwisho wa mwezi wakaenda pamoja ofisi ya kodi na ankara zao kwenye bahasha, kwa sababu Mzee Punguzo hakuamini alichokipata alipojumlisha. Msichana wa dirishani alipitia karatasi moja baada ya nyingine.

"Umekokotoa sawa, baba," akasema. "Kodi mliyolipa kwenye manunuzi mwezi huu ni kubwa kuliko ya mauzo. Tofauti hii ni ya kwenu. Mwezi huu nyinyi ndio mnaidai serikali."

Mzee Punguzo akanyooka. Akaangalia jengo lile, foleni ya watu, feni iliyokuwa ikizunguka kwa shida darini, na kitu kikamlainika usoni. "Ah, mwanangu," akaanza, "serikali nayo ina mambo mengi. Hiyo ndogo basi tuisame..."

"Usithubutu!" Mama Pacha alisema, na dirisha zima likacheka, hata askari wa mlangoni. Msichana mwenyewe alilazimika kuvua miwani.

"Inahamia mwezi ujao, mama," alisema akijifuta macho. "Itapunguza mtakachodaiwa. Haipotei."

Walipotoka mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwanza ya msimu, yenye matone makubwa. Wakakimbilia chini ya kibaraza cha duka la magodoro, wakasimama wakiwa wamebanana kama vijana. Mzee Punguzo alikuwa ameificha bahasha ndani ya shati. Aligeuka akaitazama ile ofisi waliyotoka, jambo ambalo lilimtia mkewe wasiwasi.

"Unawaza nini?"

"Yule msichana," akasema. "Ana subira. Anakuelekeza bila kukudharau. Hivi, ameolewa?"

"Baba Pacha."

"Nauliza tu. Mmoja wa wale wawili bado hana mke."

"Mvua imepungua," Mama Pacha akasema, akamshika mkono. "Twende, nina madirisha sita ya kukata."

Ilikuwa haijapungua hata kidogo. Wakaingia barabarani hivyo hivyo, yeye akimvuta, mzee akiwasalimu watu waliojibanza vibarazani, mmoja baada ya mwingine, upande huu na upande ule.